Mteja Aliyetaka Nimpeleke Kwenye Kina

"Mtu akizama hapa," mteja wangu wa kwanza aliniuliza, "mwili wake unaibuka baada ya muda gani?"

Aliuliza akitabasamu, vidole vyake vikiendelea kufunga ndoana kwenye mshipi, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Mke wake alikuwa amekaa mbele yake, magoti yao yakigusana.

Tulikuwa watatu tu ndani ya boti, nyuma ya rasi ambako simu haishiki na redio ya upepo inakoroma tu. Jua lilikuwa limeshapanda. Maji yalikuwa yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani.

Na ilikuwa siku yangu ya kwanza kutoka peke yangu na wageni.

Nilimjibu kwamba sijui. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye mate yamemkauka mdomoni.

Ngoja niwarudishe nyuma tuende sawa.

Kazi yangu ni kuongoza wavuvi. Watu wanatoka mbali na fimbo zao za kuvulia, nzuri kuliko samani za kwetu, na wengine hawajawahi kumtoa samaki hata kwenye ndoo. Mimi nawapeleka samaki walipo. Nawafungia chambo, nawaambia tupa hapa, subiri, haya vuta. Wakipata, wao ni mafundi. Wakikosa, mimi sijui kazi.

Pale gatini tumezoea kuitana "gaidi", kwa lile neno la wageni la mwongozaji. Siku mama yangu alipomwambia jirani kwa majivuno kwamba binti yake sasa ni gaidi, jirani aliwaita watoto wake ndani akafunga mlango.

Nilianzia chini kabisa. Nilikuwa napasua samaki wa wageni kwenye meza ya saruji, kisu mkono mmoja, bomba la maji mkono wa pili. Boti zilikuwa za mjomba wangu, kaka yake mama. Aliniona kila boti ikirudi naacha kisu nakwenda kuuliza walivua wapi, kwa chambo gani, upepo ulikuwa unatoka upande upi. Akachoka na maswali yangu, akanipakia.

Mjomba hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Nikikosea fundo, analikata analitupa majini bila kusema neno, nami naanza upya. Nikiegesha vibaya, ananirudisha katikati nije tena, wageni wote wakitazama.

Ziwa letu ni la bwawa. Mto ulizibwa, maji yakapanda yakaufunika msitu mzima. Miti haikuondoka. Imekufa imesimama. Mingine inachungulia juu, mingine imejificha chini kidogo tu ya uso wa maji. Samaki wakubwa wanaipenda ile miti. Boti haziipendi hata kidogo.

Kwa hiyo mjomba alikuwa na amri ambazo hazina mjadala. Boti ni mizani, mtu asisimame bila wewe kumwambia. Jaketi okozi halivuliwi mpaka mguu ukanyage gati. Na usiwape wageni mgongo.

Hiyo ya mwisho nilidhani ni adabu.

Basi, alasiri moja akaja bwana mmoja pale gatini. Nadhifu, ananukia vizuri, sauti ya chini. Alimwamkia mjomba kwa heshima zote, akakaa kwenye benchi akawa anatazama boti. Mimi nilikuwa naosha sakafu ya boti ndogo, suruali nimeikunja magotini.

Aliuliza ni nani anayeweza kumtoa yeye na mkewe. Mjomba akamsifia Bonge, mwongozaji wetu mkongwe, jitu la mabega mapana ambalo likikaa upande mmoja wa boti lazima wawili wakae upande wa pili.

Yule bwana akasema hapana. Anamtaka yule binti.

Mjomba akamweleza ukweli, kwamba sijawahi kutoka peke yangu. Bwana akasema hilo halina neno, kila seremala alianza kwa kuharibu mbao, na isitoshe mkewe atajisikia huru akiongozwa na mwanamke mwenzake.

Nilisikia kila kitu. Furaha ilinipanda mpaka nikaona aibu, nikainamia sakafu nikaisugua mahali ambapo palikuwa safi tayari.

Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wa kumchukua fundi ang'ang'anie mwanagenzi.

Asubuhi ya safari waliwahi kuliko nilivyotegemea. Bwana akashuka garini akipiga mluzi. Mkewe akachelewa kidogo. Alipotoka nikaona mwanamke wa makamo, blauzi ya mikono mirefu mpaka kwenye vidole, mtandio shingoni, na hali palikuwa na joto.

Nikamwambia, karibu dada. Nikamvalisha jaketi mwenyewe, nikamfunga mikanda kifuani. Hapo ndipo nikausikia mwili wake. Ulikuwa unatetemeka kwa ndani, kama kifuniko cha sufuria kabla maji hayajachemka.

Nikadhani ni hofu ya maji. Nikamtuliza kwamba boti ni imara, na mimi nipo.

Akainamisha uso karibu na sikio langu akasema, "Usiwe mbali na mimi."

Nikamtania kwamba kwenye boti kama ile hata nikitaka kwenda mbali nitakwenda wapi. Hakucheka.

Tukaondoka. Mjomba alisimama gatini mikono nyuma, anajifanya anatazama mawingu.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nilisimamisha boti kwenye matete, mahali pazuri pa kuanzia, samaki wadogo wengi, mgeni anapata moyo. Bwana akatupa mshipi mara chache, kivivu, halafu akasema hapa ni pa watoto. Anataka kwenye kina.

Nikampeleka mbele kidogo. Akauliza boti nyingine huwa zinafika pale? Nikamwambia ndiyo, Bonge hupapenda sana. Akasema basi twende kwingine, yeye hapendi msongamano.

Nikampeleka nyuma ya rasi.

Kule kuna ukimya wake. Ile miti iliyokufa imesimama nje ya maji, haina ganda, haina jani, ndege weusi juu yake wanakutazama wasiruke. Nilizima injini. Bwana akatoa simu, akaiinua juu, akaizungusha. Aliporidhika kwamba haishiki, akairudisha mfukoni. Mtu wa kawaida simu ikikosa mtandao hununa. Yeye alikuwa kama mtu aliyepokea habari njema.

Nikasogea karibu na kamba ya injini.

Akauliza kina kikoje pale. Akauliza kama miti ya chini humnasa mtu. Akauliza kama mimi najua kuogelea vizuri au hivi hivi tu. Kila swali lilikuja na tabasamu lake, na kati ya swali na swali alimsifia mkewe kwamba leo amependeza.

Halafu ndiyo akauliza lile la mwili kuibuka.

Nilimtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yamenasa usoni kwangu. Hayakuwa na machozi. Yalikuwa macho ya mtu anayehesabu.

Nikajisemea, hapa kuna jambo, na mimi nimeletwa ndani yake kama kiti cha harusi, nikae tu nijaze nafasi. Binti mgeni wa kazi. Mke akizama, lawama ni ya nani? Ni ya kifaranga aliyepewa boti kabla hajaota manyoya.

Nikasema tugeuze, upepo unabadilika.

Hakukuwa na upepo.

Bwana akasema bado mapema, na kwanza wapige picha. Akavua jaketi lake akalikalia, akasema yale majaketi yanawafanya waonekane mizigo. Akamwambia mkewe naye avue.

Nikasema hapana. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka. Nikamwambia, "Bosi, sheria ya boti hii, jaketi halivuliwi. Naomba uvae."

Akacheka. Akasema yeye ameogelea tangu utotoni, na mkewe atavua dakika moja tu. Mkewe akaishika mikanda kifuani kwa mikono miwili na kusema yuko sawa hivyo hivyo.

Tabasamu la bwana likaondoka. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile, ni kama mtu amezima taa ndani ya nyumba. Kisha likarudi.

Akasema haya, yaishe, turudi.

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikavuta kamba ya injini, ikanguruma, boti ikasogea kidogo, ikakohoa, ikazima.

Nikachungulia nyuma. Mshipi ulikuwa umejisokota kwenye mapanga ya injini, mshipi mrefu sana. Haujisokoti wenyewe hivyo. Mtu alikuwa ameuachia majini taratibu wakati mimi nawaza kugeuza.

Bwana akasema pole, ni uzembe wake.

Sasa fikiri. Ili niutoe ule mshipi lazima niiname nje ya boti, mikono yote miwili majini, mgongo kwao. Na nisipoutoa, hatuondoki. Redio nimeijaribu, inakoroma. Kupiga kasia kutoka kule na watu wawili ni kazi ya nusu siku, na huyo mmoja hataki kurudi na sisi wote.

Nikapiga moyo konde. Nikainama.

Nilikuwa navuta mshipi kwa mikono na masikio yako nyuma. Nikasikia kitambaa kikisuguana. Nikasikia kifungo cha jaketi kikifunguka, ule mlio mdogo, tak. Nikasikia mtu akivuta pumzi.

Boti ikayumba kwa nguvu. Nikaangukia kifua ukingoni. Maji yakapasuka kwa kishindo na kunirukia mpaka usoni.

Nikageuka huku nimeshajua nitakachokiona. Nitamwona yule dada majini.

Dada alikuwa amekaa palepale pake.

Aliyekuwa majini ni mumewe.

Jaketi la dada lilikuwa wazi, mikanda inaning'inia. Alikuwa anahema kama aliyekimbia. Bwana aliibuka, akapiga maji, akazama, akaibuka tena akiwa mbali zaidi. Viatu vyake vilikuwa vizito, na nadhani mguu ulikuwa umeingia kwenye matawi ya chini, maana kila alipojinyanyua kuna kitu kilimvuta. Huko kuogelea kwake tangu utotoni kulikuwa kumeyeyuka. Alifungua mdomo kuita, maji yakaingia.

Nikanyakua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, nikaunyoosha kwake.

Haukufika. Nikatazama. Dada alikuwa ameushika.

Aliushika katikati kwa mikono yote miwili, kucha zimekuwa nyeupe. Tukatazamana.

"Muache," akasema. "Alitaka kunizamisha mimi. Nakuomba mdogo wangu, muache."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningeogopa kidogo zaidi ya nilivyokuwa naogopa, basi. Lakini aliomba polepole, kama mtu anayeomba umpishe kwenye foleni. Mtandio ulikuwa umeteleza, nikaona shingo yake. Sitaeleza nilichoona. Wenye macho wanajua alama za vidole zinafananaje zikianza kuwa za kijani.

Nikiri kitu kimoja. Kwa muda wa pumzi moja nilitaka kumsikiliza. Niliona jinsi ingekuwa rahisi. Ningekaa tu. Maji yangefanya kazi, ndege wale weusi wangekuwa mashahidi.

Mikono yangu haikunisubiri niamue. Iliuachia upondo, ikalinyakua boya lenye kamba, ikalirusha. Nimerusha boya lile mara nyingi sana mjomba akinipigia kelele, na mwili ulikuwa umeshazoea. Likaangukia mbele ya uso wa bwana. Akalikumbatia.

Akakohoa. Akatapika maji. Akatulia.

Na alipotulia ndipo nilipoogopa kweli.

Maana alifuta macho, akamtazama mkewe, akamtazama mpaka nikahisi baridi kwa niaba yake. Kisha akanigeukia mimi akasema kwa sauti ileile ya gatini, "Binti, nivute niingie. Mimi na mke wangu tutazungumza."

Nikawaza: huyu akiingia humu, mwanamume mzima, amekasirika, na sisi ndio tuliomwona. Njia ya kurudi ni ndefu. Nani atafika?

Nikawaza tena: nikimwacha pale, baridi na matawi vitamaliza kazi, nami nitakuwa nimemuua kwa mikono iliyokunjwa.

Uongo ukanijia tayari umevaa nguo. Nikamwambia boti imeingia maji upande ule alioangukia, akijaribu kupanda tutapinduka wote juu ya ile miti, na hakuna atakayetoka. Nikamrushia jaketi lake, nikamwambia alivae hukohuko na ashike boya vizuri, nitamvuta taratibu mpaka tukutane na boti kubwa.

Akatukana. Akaleta mkono ukingoni. Nikachukua upondo, nikamwonyesha, nikamwambia kwa heshima zote kwamba akishika tena nitamgonga vidole.

Sijui kwa nini aliniamini. Labda mtu aliyetoka kunywa maji ya ziwa huamini chochote kuhusu maji ya ziwa.

Nikamfunga kamba mbele, kwenye chuma cha ubavuni, mbali na injini, vile tunavyofunga samaki ambaye ni mkubwa kuliko boti inavyoweza kubeba.

Bado mapanga yalikuwa yamesokotwa. Safari hii mshipi ulikuwa umekaza, vidole havifui dafu. Nilihitaji kisu cha chambo.

Kisu kilikuwa kwa dada.

Sikujua alikiokota saa ngapi. Alikuwa amekaa karibu na kile chuma nilichofungia kamba, kisu kimelala kwenye mapaja yake, makali juu. Alikuwa anaitazama kamba, kisha bwana, kisha mimi. Halafu mimi tena.

Sikuweza kumsogelea. Sikuweza kumwacha. Nilichoweza ni kunyoosha mkono, kiganja juu.

"Dada," nikamwambia, "nipe hicho. Nikate mshipi turudi nyumbani."

Akautazama mkono wangu. Naapa, niliwasikia wale ndege wakijikuna manyoya.

Akanipa. Mpini mbele, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Nikainama tena, mgongo wazi tena, nikakata, nikachana, nikavuta mpaka mapanga yakawa huru. Injini ikawaka. Nikaondoka mwendo wa bata, jicho moja kwa bwana ubavuni, jicho moja kwa dada, na sijui lililokuwa linatazama mbele ni lipi.

Bwana alikuwa anatetemeka meno yakigongana. Dada alifunga mikanda yake ya jaketi, mmoja mmoja, akakunja mikono.

Tulipoizunguka rasi redio ikashika. Nilimwita mjomba, nikaita tena. Bonge alikuja na boti kubwa na mwenzake, wakambeba yule bwana kama gunia, wakamfunika blanketi. Bonge aliniangalia mara moja tu akaelewa asiniulize kitu mbele za watu.

Gatini bwana alipata nguvu mpya. Alisema nimemfunga kama mbuzi. Alisema nimemtishia kwa mti. Yote kweli. Alisema atanifikisha pabaya. Askari walioitwa wakamgeukia mkewe, wakamuuliza kilichotokea.

Akasema, "Aliteleza."

Basi. Neno hilo tu. Wakamuuliza kama ana lolote dhidi ya mumewe, akasema hana. Mimi nikaeleza nilichoona na nilichosikia, lakini nilichoona ni maji kupasuka na nilichosikia ni kifungo. Askari mmoja akaniambia kwa upole kwamba hofu ya siku ya kwanza huwa inamwonyesha mtu mengi.

Bwana na mkewe wakaondoka na gari lile lile walilokuja nalo. Dada alikaa kiti cha nyuma.

Mjomba alinifokea vizuri. Kumvuta mteja majini kama gogo, ni wapi nimejifunza? Alikuwa anamimina chai huku anafoka, na chai ilikuwa inaingia kwenye sahani kuliko kikombe.

Akaweka birika chini. Akaniuliza kama wote watatu tumerudi tunapumua. Nikasema ndiyo. Akasema basi kazi nimeianza, mengine ni kelele.

Kusema ni rahisi. Kwa muda mrefu baada ya pale kila gari geni likiegeshwa gatini nilikuwa naingia stoo kujifanya natafuta kamba. Simu ya namba nisiyoijua siipokei. Nikiwa majini nikisikia kifungo cha jaketi, tak, nyuma yangu, nywele zinasimama. Nilikuwa nikimwaza yule dada kwenye kiti cha nyuma. Nikaamini amekwisha kufa, na kwamba mimi ndiye niliyemrudisha muuaji wake nyumbani, tena mkavu, amefunikwa blanketi.

Niliendelea na kazi kwa sababu kuacha kulinitisha zaidi.

Msimu mwingine ukaingia. Asubuhi moja nikamkuta mwanamke amekaa kwenye benchi letu. Nywele fupi, mikono wazi, shingo wazi. Alisimama akaniambia shikamoo sitaki, wewe ni mdogo wangu, nataka unipeleke nikavue.

Alikuwa yule dada. Nilimkumbatia kabla sijafikiri. Nilipofikiri, nikaogopa tena. Nikamwambia nitampeleka, lakini mahali ambapo mjomba anatuona kwa macho.

Akasema ni sawa kabisa.

Alitupa mshipi kama mtu aliyezaliwa nao. Nikashangaa, nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema amekulia mtoni, amejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mumewe hakuwahi kujua. Hakuwahi kumuuliza.

Kitu kikaanza kujipanga kichwani na sikutaka kijipange.

"Hakuteleza," akasema.

Akanieleza akiwa anatazama mshipi wake. Alijua tangu usiku wa kuamkia safari kwamba mumewe anataka kumfanya nini. Alikuja akijua kwamba mmoja wao hatarudi, na alikuwa ameshaamua ni nani. Alingoja tu mkono wa mumewe ufike kwenye kifungo cha jaketi lake, mume auegemeze mwili wote mbele. Akamshika mkanda wa suruali, akampindua majini.

Mume naye alijua. Baada ya siku ile hakumgusa tena. Alikuwa halali chumba kimoja naye, hali chakula chake. Mwishowe alimpa talaka bila kuombwa, akahama mji. Sasa dada anaishi kwa mdogo wake, anashona mapazia, na analala usingizi.

Nilicheka kwa faraja. Nikamwambia afadhali, maana nilidhani nimemrudishia muuaji.

Hakucheka na mimi.

Akasema kuna jambo moja hajamwambia mtu, na ndilo lililomleta. Akasema pale alipokishika kisu, kwanza alikuwa anaiwaza kamba. Aikate, bwana azame, yaishe. Halafu akakumbuka kwamba mimi nimeona. Akawaza nitasema. Akawaza nikiinama tena kwenye injini, mgongo wangu utakuwa karibu naye kabisa.

"Nilikuwa nimeshachagua mahali," akasema. "Hapa, chini ya bega. Halafu ukageuka ukaniita dada, ukanyoosha mkono ukiwa umeufungua. Ulikuwa unaogopa kama mimi. Nikashindwa."

Samaki alikula mshipi wake wakati ule ule. Fimbo ikapinda. Hakuna kati yetu aliyevuta.

Jamani, siku ile nzima nilikuwa namwogopa mtu aliyekuwa majini. Yule niliyempa mgongo, tena mara mbili, hakunipitia akilini.

Aliniomba msamaha. Nikamsamehe, na nilimaanisha. Lakini tulipogeuza kurudi nilimwomba akae mbele ya boti, nikakaa nyuma, macho kwake mpaka gatini. Hakukasirika. Alinielewa.

Ameniruhusu niyasimulie haya.

Nimeongoza watu wengi tangu hapo, na bado naogopa kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba ya injini. Sijaitafutia dawa hofu hiyo. Ndiyo inayonikagulia mikanda ya watu.

Somo langu ni dogo, mwenye kulichukua alichukue. Ukimkuta mtu anazama, mtoe. Usisimame kupima kama anastahili, kwa sababu huwezi kuyajua yote ukiwa na hofu kifuani, na aliyekuomba umwache azame huenda naye anazama, ila yeye maji yake huyaoni. Mtoe huyu majini, mnyooshee mkono huyu aliye kavu, uwarudishe wote nchi kavu wanapumua. Kesi zina wenyewe.

Na mtu aliyekaa kimya kabisa kwenye boti, zungumza naye. Muite dada, muite kaka. Hujui unamwokoa nani.